Mashua ya zamani inaomba moteri ya nguvu ngapi?

Mu kijiji kimoja cha kusini ya Baraka, kando ya ziwa Tanganika, wanamemba wa kooperative ya wavuvi na walimaji walichanga feza mwaka muzima. Kila usiku wa uvuvi waliweka kidogo pembeni. Kila mara mihogo ilipelekwa ku soko, waliweka kidogo tena. Sanduku lilipojaa, shida ikaanza: wanunue moteri gani?

Mashua yao ni ya mbao, urefu metre 8, na iko na miaka 11. Tangu ilipotengenezwa ilikuwa inaenda kwa makasia tu. Vijana wakasema: "Sisi tunataka ya 40. Wenzetu wa ng'ambo iko nayo, banatupita kila siku, banafika ku soko mbele yetu, bei inaanguka." Muzee mumoja, fundi wa mashua, akawajibu: "Bana yangu, hii mashua njo mimi niliigonga misumari. Naijua. Mukiifunga ya 40, itafika kweli mbele ya wengine, lakini haitarudia."

Mukutano ukachacha. Wamoja wakasema muzee anaogopa mambo ya kisasa. Mama mutunza-feza akauliza swali moja tu: "Na esanse, nani atailipa?" Hapo kila mutu akanyamaza.

Habari hii inawahusu wengi kati yenu. Kooperative nyingi ziko na mashua ya zamani na zinataka kuweka moteri. Kuchagua vibaya kunaweza kuvunja mashua, kumaliza feza za esanse, na hata kuua watu. Basi tuone pole pole namna ya kuchagua.

Anza na mashua, hapana na moteri

Mashua ya makasia ilitengenezwa ili isukumwe kutoka ndani, na nguvu ya watu imegawanyika mahali pengi. Moteri inasukuma mahali pamoja tu: ubao wa nyuma. Na tena inatetemesha mashua muzima, saa kwa saa. Misumari iliyoshika vizuri miaka 11 inaanza kulegea, na nyufa zilizozibwa zinafunguka.

Muvuvi mumoja alituelezea mambo yaliyomupata. Alinunua moteri kubwa iliyotumiwa, akaifunga ku mashua ya baba yake. Juma la kwanza, kila kitu sawa. Juma la pili, wakati wa kurudi na mawimbi, ubao wa nyuma ukang'oka pamoja na moteri. "Nilisikia tu krak, kisha kimya," alisema. "Tulirudi na makasia, maji mpaka magotini. Moteri iko kule chini mpaka leo." Ziwa letu, mahali pengine, linapita metre 1 400 kwa urefu wa kwenda chini. Kinachoanguka mule hakirudi.

Kwa hiyo, mbele ya kwenda ku duka, vuta mashua inchi kavu na uipime hivi:

Kwanza, chukua kisu chenye ncha na uchome mbao zote za chini, mbavu za ndani, na zaidi ubao wa nyuma. Ku muti mugumu, ncha inaingia kidogo tu. Kama kisu kinaingia kama mu mukate, muti umeoza, hata kama rangi ya juu inangaa.

Pili, angalia misumari. Kama kichwa cha musumari kimekulwa na kutu, na muti unaouzunguka umekuwa mweusi na laini, ule musumari haushike tena.

Tatu, rudisha mashua mu maji, iache siku moja ili mbao zivimbe, kisha weka mifuko ya muchanga ndani mpaka ifike uzito wa usiku wa uvuvi. Toa maji yote, ngojea mpaka asubuhi, hesabu ndoo. Ndoo moja ao mbili kwa usiku, hiyo ni mashua ya mbao ya kawaida. Kama ni kumi, usifikirie moteri bado. Feza za kwanza ziende kwa fundi wa mbao.

Mashua iko na mwisho wa mbio yake

Watu wengi wanafikiri kwamba moteri ya nguvu mara mbili inaleta mbio mara mbili. Kwa mashua nzito ya mbao, si hivyo.

Mashua inapotembea inasukuma maji. Wimbi moja linasimama mbele, lingine nyuma. Kadiri unavyoongeza mbio, lile wimbi linarefuka, mpaka linakuwa na urefu sawa na wa mashua. Kutoka pale, mashua ni kama mutu anayepanda mulima ambao yeye mwenyewe anautengeneza: pua inainuka, nyuma inazama, moteri inalia, lakini mbio haiongezeke tena sana. Esanse ndiyo inaongezeka.

Mwisho huo unategemea urefu wa mashua, pale inapogusa maji. Kwa metre 6, ni karibu kilometre 11 kwa saa. Kwa metre 7, karibu 12. Kwa metre 8, karibu 12 na nusu mpaka 13. Kwa metre 10, karibu 14. Ndiyo kusema mashua ya kijiji chetu, hata kwa moteri yenye akili, inaenda kilometre 12 ao 13 kwa saa. Ni mara mbili ao tatu ya mbio ya makasia, na watu hawachoke.

Ni kweli kuna mashua zinazopita mwisho huo na kuteleza juu ya maji. Lakini zile ni nyepesi, sehemu ya nyuma ni bapa, na zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Mashua ya mbao yenye miaka 11, yenye maji ndani ya muti, wavu, taa na samaki, haiwezi.

Hesabu ya nguvu

Nguvu ya moteri inapimwa kwa farasi, ile wengi wanaita CV. Kwa mashua nzito ya kazi, kipimo kinachotumiwa ni hiki: CV 3 mpaka 5 kwa kila tone moja ya uzito wote. Uzito wote maana yake mashua, watu, vyombo, samaki, moteri na esanse.

Tulifanya hesabu pamoja na wanamemba, kwa chaki, ku ubao wa masomo:

Mashua yenyewe, mbao zikiwa zimekunywa maji: kilo 700. Watu 5: kilo 350. Wavu, kamba, taa na betri: kilo 150. Samaki, usiku wa baraka: kilo 400. Moteri na bidoni ya esanse: kilo 70. Jumla: kilo 1 670, tuseme tone 1 na nusu na kidogo, karibu 1,7.

Mara 3, inaleta CV 5. Mara 5, inaleta CV 8 na nusu. Hiyo ni kwa ziwa lililotulia. Lakini sisi wote tunajua upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 8. Ili kurudi salama kichwa kikiwa ku upepo, tunaongeza nusu. Inakuwa kati ya CV 8 na 13. Moteri ya 15 inatosha, na inabakiza akiba.

Kijana mumoja akauliza: "Sasa ile ya 25 ni ya nani?" Swali zuri. Ile ya 25 ni ya mashua ndefu, metre 10, ngumu, inayobeba uvuvi na tena mizigo ya mihogo mpaka tone 3 kwa jumla. Kwa tone 3, hesabu inaleta CV 9 mpaka 15, na ukiongeza nusu, 13 mpaka 22. Pale moteri ya 25 iko mahali pake. Kwa mashua ya metre 8, hapana.

Mulima unakula nguvu

Kuna jambo ambalo wauzaji hawasemake sana. Moteri inapumua hewa. Kadiri tunavyokaa juu, hewa inakuwa nyepesi, na moteri inapoteza nguvu: karibu 3 kwa 100 kwa kila metre 300 za kupanda. Ziwa Tanganika liko karibu metre 770 juu ya bahari. Hapo moteri inapoteza karibu 8 kwa 100. Ndugu zetu wa ziwa Kivu wako karibu metre 1 460. Kwao inapoteza karibu 15 kwa 100. Moteri iliyoandikwa 15 inawapa karibu 13 tu.

Usinunue moteri kubwa zaidi kwa sababu hiyo tu. Mara nyingi dawa ni helisi. Kila helisi iko na hatua yake, maana yake urefu ambao ingeenda mbele kwa muzunguko mumoja kama ingekuwa inajipiga mu kitu kigumu sawa musumari wa vise. Hatua ndefu ni ya mashua nyepesi yenye mbio. Hatua fupi ni ya mashua nzito. Ukitia hatua ndefu ku mashua nzito, ni kama kupanda Uvira kwenda Haut-Plateau na gari katika vitesi ya ine: moteri inasongwa, buji zinakuwa nyeusi, na esanse inaenda bure. Kabla ya kulipa, uliza helisi yenye hatua fupi, ya kazi nzito. Fundi wa moteri mwenye kujua anaweza pia kurekebisha karbirateri kufuatana na hewa ya huku.

Mama mutunza-feza alikuwa na haki

Sasa turudie swali lake. Moteri ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya mafuta ndani ya esanse, ikienda kwa nguvu yote inakula karibu nusu litre kwa kila CV kwa saa moja. Ya 15 inakula karibu litre 7 na nusu kwa saa. Ya 25, karibu 12 na nusu. Ya 40, karibu 20.

Tuseme uvuvi uko kilometre 12 kutoka ngambo. Kwenda na kurudi ni 24. Na ya 15, mashua ikienda kilometre 12 kwa saa, ni saa mbili: litre 15. Na ya 25, ikienda 13, ni litre 23. Na ya 40, hata ikilazimishwa kwenda 15, ni litre 32.

Kati ya ya 15 na ya 40, tofauti ni litre 17 kila usiku. Kwa usiku 20 wa uvuvi mu mwezi, ni litre 340: bidoni 17 za litre 20. Na faida ni nini? Kufika dakika 12 mbele kwa kwenda, na dakika 12 kwa kurudi. Chukua bei ya esanse ya kwenu, zidisha, na uulize wanamemba kama dakika 12 zinauzwa bei hiyo.

Mutu atasema: "Nitanunua ya 40, lakini nitaiendesha pole pole." Inawezekana, na kweli itakula kidogo. Lakini bado ulilipa bei ya ya 40, na bado uko na uzito wake. Moteri ya 15 iko na kilo 35 mpaka 40. Ya 25 iko karibu na kilo 50. Ya 40 inapita kilo 70: ni kama mutu muzima aliyekaa usiku kucha juu ya ule ubao wa nyuma. Na mwishowe, wewe unajua vijana wetu. Wakiona mashua ingine inawapita, mukono hautabaki pole pole.

Hata na moteri ndogo, usiende kila wakati na nguvu yote. Ukipunguza kidogo tu, mbio inapotea kidogo sana, lakini esanse inayookolewa ni ya kuonekana.

Kutayarisha ubao wa nyuma

Mashua ikipita mitihani, fundi afanye kazi hii mbele ya moteri kufika:

Ubao wa nyuma uwe wa muti mugumu, unene sentimetre 4 mpaka 5, kipande kimoja kama inawezekana. Ushikwe na vipande vya muti vilivyopinda kama kiwiko, pande zote mbili na chini, ili nguvu ya moteri igawanyike ndani ya mashua muzima. Tumia buloni zenye kupita ngambo hii mpaka ngambo ile, na rondele kubwa, hapana misumari tu.

Pima urefu toka juu ya ubao mpaka chini ya mashua. Moteri ziko na muguu mufupi, wa karibu sentimetre 38, na muguu murefu, wa karibu 51. Kile kibati bapa kilicho juu ya helisi kiwe sawasawa na chini ya mashua, ao kipite chini kidogo. Kikiwa juu sana, helisi inakamata hewa na moteri inalia bure. Kikiwa chini sana, muguu unakokota maji na mashua inakuwa nzito.

Funga moteri kwa skrubu zake, kisha ongeza mnyororo ao kamba ya nguvu toka moteri mpaka ku mbavu ya mashua, hapana ku ubao wa nyuma. Siku ubao utaachilia, mnyororo utashika.

Bidoni na wavu visogezwe mbele kidogo, ili nyuma isizame. Na esanse ikae mbali na taa na betri. Hapana sigara, hapana moto. Esanse iliyomwagika chini ya mbao ni bombe inayongojea.

Ukinunua moteri iliyotumiwa

Wengi wetu hatununue mupya. Basi usikubali kuonyeshwa moteri iliyokwisha kuwashwa na kupata moto. Ifike baridi, uiwashe wewe mwenyewe, helisi ikiwa ndani ya maji. Angalia kama maji ya kupoza yanatoka vizuri kwa nguvu ku kile kitundu cha pembeni. Fungua mafuta ya chini, kando ya helisi: yakiwa meupe kama maziwa, maji yaliingia. Toa buji na uziangalie. Na uliza swali moja la mwisho: vipuri vyake vinapatikana Uvira ao Kalemie? Moteri nzuri isiyokuwa na vipuri ni chuma tu.

Kwa mchanganyiko, fuata kitabu cha moteri yako. Moteri nyingi zinaomba litre 1 ya mafuta kwa litre 50 za esanse. Maana yake, mililitre 400 kwa bidoni ya litre 20. Pima na chupa yenye alama, hapana na macho. Ukipunguza mafuta ili kuokoa feza, moteri itajifunga, na ile feza itatoka mara mia.

Na mu mashua, makasia yasibakie nyumbani. Buji ya akiba, ufunguo wa buji, kamba ya kuwashia, ndoo ya kutoa maji, na jile ya kuokolea kwa kila mutu. Kila mutu, hata yule anayejua kuogelea.

Namna mukutano ulivyoisha

Hesabu ilipobaki ku ubao, hakuna aliyepiga kelele tena. Wanamemba walipiga kura: moteri ya 15, muguu murefu. Feza zilizobaki zilinunua mbao za nyuma, buloni, na jile 5. Walipatana pia kwamba kila usiku wa uvuvi, mbele ya kugawanya, sehemu moja inaingia ndani ya sanduku la moteri, na litre zilizotumiwa zinaandikwa mu daftari pamoja na kilo za samaki. Mama mutunza-feza ndiye anashika kalamu.

Kijana yule aliyetaka ya 40 ndiye anaendesha sasa. Tulipomuuliza kama wenzake wa ng'ambo bado wanamupita, alicheka. "Banatupita, ndiyo. Lakini siku zingine banabakia nyumbani, esanse imekwisha. Sisi tunatokaka kila usiku."

Maswali ya kuzungumzia mu kikundi chenu

1. Mashua yetu iko na uzito gani wakati imejaa? Tufanye hesabu pamoja, kitu kwa kitu.
2. Kisu kinasema nini juu ya ubao wetu wa nyuma?
3. Kwa usiku mumoja, tunatumia litre ngapi, na tunaleta kilo ngapi? Nani anaandika?
4. Moteri ikikufa kesho, sanduku letu liko na feza ya kuitengeneza?